Usisafirie Nyota ya Mwenzio: Mwanafunzi wa Urubani na Jicho la Rada mjini Doha



Wahenga wa pwani ya Afrika Mashariki waliacha methali isemayo: usisafirie nyota ya mwenzio. Methali hiyo ilizaliwa baharini, enzi ambazo chombo kilichotoka Lamu au Unguja kuelekea Maskati kilitegemea pepo za kusi, dira na nyota za usiku. Maana yake ya kawaida inafahamika na wengi: bahati ya mwenzako si bahati yako. Lakini imo maana nyingine ndani yake, ambayo hivi leo hufundishwa kwa maneno tofauti kabisa katika madarasa ya urubani wa ndege. Maana hiyo ni kwamba kila anayesafiri kwa kutegemea jicho la mtu mwingine hana budi kujua jicho hilo linaona nini, haliwezi kuona nini, na litafumbwa lini.

Makala ya leo inatazama namna mwanafunzi wa urubani anavyofundishwa kutumia mitambo ya kuongozea safari pamoja na huduma za rada, na mahali tunapopatazama ni Doha, mji mkuu wa Qatar.

Hata neno lenyewe, rubani, lina asili ya baharini. Limetoka katika Kiarabu, na kabla ya kuwapo ndege liliwahusu wale waliojua njia za maji, miamba na milango ya bandari. Mmoja wa mabingwa wa elimu hiyo, Ahmad ibn Majid, alikuwa mwenyeji wa Julfar, sehemu ambayo siku hizi ni Ras al-Khaimah katika Falme za Kiarabu. Mwishoni mwa karne ya 15 aliandika kitabu kikubwa kuhusu misingi ya elimu ya bahari, na akatunga pia utenzi wa Kiarabu unaoeleza njia ya kwenda Sofala, kusini kabisa mwa pwani yetu. Kwa hiyo kijana wa Kiafrika ya Mashariki anayekwenda Ghuba kujifunza urubani haendi ugenini moja kwa moja. Anafuata njia ya maarifa ambayo imekuwa ikienda na kurudi kwa karne nyingi.

Mjini Doha mafunzo ya anga yalianza rasmi mwaka 1977, pale mataifa manne, yaani Bahrain, Qatar, Oman na Umoja wa Falme za Kiarabu, yalipoanzisha chuo cha pamoja cha usafiri wa anga kwa ajili ya nchi za Ghuba. Baadaye chuo hicho kilibaki mikononi mwa Qatar, na siku hizi kinajulikana kwa jina la Qatar Aeronautical Academy. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba tangu mwanzo hakikuwa chuo cha marubani peke yao. Fani za kuongoza ndege, za matengenezo ya ndege na za utabiri wa hali ya hewa nazo zina nafasi yake humo. Yule atakayesema kwenye redio kutoka angani na yule atakayemjibu akiwa mbele ya kioo cha rada ni watu wa taaluma mbili zilizo chini ya paa moja.

Nchi yenyewe ina sifa mbili zinazoathiri mafunzo hayo. Kwanza, Qatar ni rasi iliyozungukwa na bahari pande tatu, yenye urefu wa takriban kilomita 160 kutoka kusini hadi kaskazini, na upana usiofika kilomita 100. Pili, ni nchi tambarare mno. Kilima chake kirefu kuliko vyote, Qurayn Abu al-Bawl, kina urefu wa takriban mita 103 tu juu ya usawa wa bahari. Mwanafunzi anaweza kuruka kwa wiki nyingi bila kuona ardhi inayoinuka kumkabili. Kinachomsumbua ni kitu kingine: vumbi la upepo wa shamal na utusitusi wa joto, ambavyo hufuta mpaka baina ya mchanga, maji na mbingu mpaka vyote vikawa na rangi moja. Katika hali hiyo macho hayana cha kushika, na ndipo haja ya mitambo inapojulikana.

Hata hivyo, somo la kwanza halianzi na mitambo. Linaanza na penseli, ramani, rula na saa. Mwanafunzi hufundishwa kukadiria mahali alipo kwa kutumia mambo manne: uelekeo wa dira, mwendo wa ndege, muda uliopita na nguvu ya upepo. Hesabu zake ni rahisi lakini hazina huruma. Ndege ndogo ikienda maili 100 za baharini kwa saa, itakata maili 60 katika dakika 36. Rubani akikosea digrii moja tu ya dira, mwishoni mwa maili hizo 60 atakuwa amepotoka kwa takriban maili moja. Hilo si kosa kubwa. Lakini kama hakuuhesabu upepo unaompiga ubavuni kwa mwendo wa maili 20 kwa saa, katika dakika zile zile 36 upepo huo utakuwa umemsukuma maili 12 nje ya njia yake. Katika rasi nyembamba kama Qatar, maili 12 zinatosha kumtoa mtu juu ya nchi kavu na kumweka juu ya maji.

Wapo vijana wanaouliza kwa nini wapoteze muda kwa penseli ilhali kioo kilicho mbele yao kinaonyesha ndege ikitembea juu ya ramani ya rangi. Jibu la wakufunzi ni kwamba hesabu ya penseli ndiyo nyota ya rubani mwenyewe. Mitambo mingine yote ni nyota za watu wengine, na mtu asiye na nyota yake hana kipimo cha kujua kama ya mwenziwe inamdanganya.

Baada ya hapo ndipo mwanafunzi huingizwa katika mitambo ya redio. Mtambo wa kwanza ni kituo cha VOR, ambacho hutuma mawimbi pande zote, na chombo kilicho ndani ya ndege humwonyesha rubani yuko katika mstari upi kati ya mistari 360 inayotoka kituoni. Mawimbi hayo huenda kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo mviringo wa dunia huyazuia. Kwa makadirio yanayotumiwa na marubani, ndege iliyo futi 1,000 itakipata kituo cha usawa wa bahari kutoka umbali wa maili 39 hivi, na iliyo futi 10,000 itakipata kutoka maili 123. Kila kituo hujitambulisha kwa herufi zake za mlio wa Morse. Mwanafunzi hulazimishwa kuzisikiliza kila anapobadilisha masafa, kwa sababu kituo kinapokuwa katika matengenezo utambulisho huo huondolewa. Mshale unaweza kusimama vizuri kabisa juu ya kituo ambacho siku hiyo hakipaswi kuaminiwa.

Mtambo wa pili ni wa zamani zaidi: kituo cha redio cha kawaida kinachovuta mshale wa ndege kuelekea kilipo. Huu una tabia za mnyama mkaidi. Radi ikipiga mbali, mshale huweza kugeukia kwenye dhoruba. Jua likizama, mawimbi hurudi kutoka tabaka za juu za anga na kuupotosha. Na mawimbi yakivuka mpaka wa nchi kavu na bahari kwa mshazari, hupinda. Katika nchi yenye pwani pande tatu, kasoro hii ya mwisho si ya vitabuni tu. Vituo vya aina hii vinazidi kuondolewa duniani, lakini funzo lake linabaki: kila mtambo una uongo wake, na rubani mzuri anaujua uongo huo kwa jina.

Mtambo wa tatu hupima umbali. Nao husema kweli, lakini kweli ya aina yake, kwa kuwa hupima mstari wa mshazari kutoka ndege hadi kituoni, si umbali wa ardhini. Ndege iliyo futi 6,000 juu ya kichwa cha kituo hicho itaambiwa kwamba bado ipo umbali wa takriban maili moja.

Sasa tuje kwenye rada yenyewe. Kwa wasikilizaji wengi wa Tanzania, neno rada liliingia katika mazungumzo ya barazani kwa njia ya kashfa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 serikali ya nchi hiyo ilinunua rada kutoka Uingereza kwa bei iliyotajwa kuwa pauni milioni 28, na mjadala ukazuka kama bei na aina ya mtambo vililingana na mahitaji. Mwaka 2010 kampuni ya BAE Systems ilikiri mbele ya mahakama ya Uingereza kosa la kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu kuhusu mauzo hayo, na pauni milioni 29.5 zikaelekezwa kwa Watanzania kwa ajili ya elimu, fedha ambazo mitaani zilipewa jina la chenji ya rada. Baadaye, kwa mkataba wa mwaka 2017 na kampuni ya Thales ya Ufaransa, rada nne mpya zilipangwa kufungwa Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Katika kelele zote hizo za fedha, swali moja halikuulizwa sana: rada humfanyia nini mtu aliye angani?

Rada ya kwanza, ile ya asili, hutuma mawimbi na kungoja mwangwi. Wimbi huenda kwa kasi ya takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, likagonga ndege, likarudi, na muda uliopita hugeuzwa kuwa umbali. Rada hii huona kitu, lakini haijui kitu hicho ni nani wala kipo kimo gani. Rada ya pili haingoji mwangwi, huuliza. Hutuma swali kwa masafa ya megahezi 1030, na kifaa kilicho ndani ya ndege kiitwacho transponda hujibu kwa masafa ya megahezi 1090, kikitaja namba ya tarakimu nne ambayo mwongoza ndege amempa rubani, pamoja na kimo cha ndege. Tarakimu hizo ni kutoka 0 hadi 7, kwa hiyo zipo namba 4,096 kwa jumla. Tatu kati yake mwanafunzi huzikariri kama anavyokariri jina lake: 7500 kwa ndege iliyotekwa, 7600 kwa redio iliyokufa, na 7700 kwa hatari ya aina nyingine yoyote. Hufundishwa pia kutopitia namba hizo kwa bahati mbaya anapozungusha vitufe, kwa kuwa king'ora huweza kulia katika chumba cha rada na watu wakaanza kumshughulikia rubani ambaye hana tatizo lolote.

Mkufunzi mwenye hekima haishii kueleza rada inaona nini. Humwambia mwanafunzi kile isichokiona. Ndege ndogo isiyo na transponda huweza kutoonekana kabisa. Ndege iliyo chini sana hufichwa na mviringo wa dunia au na kilima. Transponda iliyosahauliwa bila kuwashwa haijibu swali. Na hata pale kila kitu kinapofanya kazi, rada haioni uchovu wa rubani, haioni mafuta yaliyobaki katika tangi, wala haioni kwamba mtu aliyesema kwenye redio kuwa ameelewa, kwa hakika hakuelewa.

Ndiyo maana somo la huduma za rada, kinyume na matarajio ya wengi, ni somo la lugha kuliko la mitambo. Mtaala wa Ulaya wa leseni ya rubani binafsi unataka mwanafunzi afundishwe upatikanaji wa huduma hiyo, taratibu za mawasiliano, matumizi ya transponda, na, katikati ya hayo yote, wajibu wa rubani. Zipo kauli chache ambazo lazima zieleweke bila chembe ya shaka. Mwongoza ndege akisema kwamba ndege imetambuliwa, maana yake ni kwamba ameiona na kuijua. Hakuahidi zaidi ya hapo. Akimpa rubani uelekeo wa kufuata, amechukua sehemu ya uongozaji. Akisema kwamba huduma ya rada imekoma, jicho limefumbwa. Na akimwambia rubani aendelee kwa uongozaji wake mwenyewe, nyota imerudishwa kwa mwenyewe, na tangu sekunde hiyo hakuna mwingine anayeichunga.

Swali kubwa ni hili: mlima unachungwa na nani? Kwa taratibu za kimataifa, ndege inayoruka kwa kutegemea vyombo ikiwa inapewa uelekeo na mwongoza ndege wa rada, mwongozaji huyo anapaswa kuhakikisha kwamba kimo alichoiruhusu kinaiepusha na vizuizi, hadi pale rubani atakaporudia uongozaji wake mwenyewe. Lakini kwa ndege inayoruka kwa macho, wajibu wa kuepuka ardhi hubaki kwa rubani, hata kama sauti ya rada inazungumza naye kila dakika. Na wanafunzi wengi huanza kwa kuruka kwa macho.

Mpaka huo baina ya wajibu wa mmoja na wa mwingine uliandikwa kwa damu. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya shirika la TWA, safari namba 514, ilikuwa ikielekea Washington nchini Marekani. Kwa sababu ya upepo mkali ilielekezwa kwenye uwanja wa Dulles. Ikiwa bado ina takriban maili 44 kufika, mwongoza ndege aliipa ruhusa ya kuanza taratibu za kutua. Marubani walidhani kwamba ruhusa hiyo, ikitoka kwa mtu anayewaona kwenye rada, ina maana ya kuwa kushuka ni salama. Wakaanza kushuka kuelekea futi 1,800, kimo kilichoandikwa kwenye chati kwa ajili ya sehemu ya mwisho ya njia. Mwongozaji naye alichukulia kwamba marubani ndio wanaochunga kimo chao. Katikati ya dhana hizo mbili palikuwa na mlima, Mount Weather, umefunikwa na mawingu. Watu wote 92 waliokuwamo walikufa.

Wachunguzi wenyewe waligawanyika. Wajumbe watatu waliuweka uzito kwenye uamuzi wa marubani kushuka. Wawili hawakukubaliana nao, wakauweka kwa waongozaji. Na likajitokeza jambo lililoumiza zaidi: wiki sita kabla ya hapo, marubani wa shirika jingine walikuwa wameponea chupuchupu katika njia ile ile, kwa kutoelewa kule kule, lakini habari yao haikuwafikia wenzao. Kutokana na ajali hiyo, ndege kubwa za abiria nchini Marekani zililazimishwa kuwa na chombo cha kuonya juu ya ukaribu wa ardhi, na mwaka 1976 ukaanzishwa mpango unaosimamiwa na NASA wa kupokea taarifa za makosa kutoka kwa marubani bila ya kuwaadhibu.

Msikilizaji anaweza kuuliza: habari ya mlima wa Virginia inamhusu nini kijana anayeruka juu ya mchanga wa Qatar, mahali ambapo kilima kirefu hakizidi mita 103? Inamhusu kwa sababu rubani hafundishwi kwa ajili ya mahali anapojifunzia. Ardhi tambarare ni mwalimu mpole. Humsamehe mwanafunzi kosa la kimo asilojua kuwa amelifanya. Kijana atokaye Moshi, Nyeri au Goma, akimaliza masomo na kurudi kwao, atakuta ardhi isiyosamehe. Mwezi Mei 1955 ndege ya aina ya Dakota ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, ikitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Mlima Kilimanjaro na watu wote 20 waliokuwamo wakapoteza maisha. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ndogo ya kukodi iliyowabeba watalii kutoka Marekani, ikitoka Nairobi kwenda Samburu, iliugonga Mlima Kenya kwenye kilele cha Lenana, chenye urefu wa mita 4,985. Watu 14 walikufa. Kati ya misiba hiyo miwili zilipita karibu miaka 50 na mitambo ikabadilika mno. Milima ilikuwa pale pale.

Kwa hiyo katika nchi tambarare mlima lazima ufundishwe kwa maneno, kwa chati na kwa vyumba vya kuigiza safari. Kabla ya kuondoka ardhini mwanafunzi hutakiwa aandike kimo cha chini kabisa cha usalama kwa kila kipande cha njia. Namba hiyo ni yake. Mwongoza ndege akimpa kimo kilicho chini yake, hana haja ya kubishana wala ya kunyamaza, hutakiwa aulize. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na angani asiyeuliza anaweza asipate nafasi ya kuuliza tena.

Imesalia nyota moja, ambayo siku hizi wengi huiona kama haiwezi kukosea: setilaiti. Mfumo wa GPS hutegemea setilaiti zilizo takriban kilomita 20,200 juu ya dunia, na ishara zake zinapofika chini huwa dhaifu sana. Udhaifu huo una athari mbili. Ishara inaweza kuzibwa, na rubani akaona kioo kimenyamaza. Au inaweza kughushiwa, na rubani akaona kioo kinazungumza kwa kujiamini, lakini kinasema uongo. Tangu Septemba 2023 taarifa nyingi za kughushiwa kwa ishara zilitolewa na ndege zilizopita juu ya Iraq na maeneo ya jirani. Baadhi ya marubani walijikuta vyombo vyao vimepotoka kiasi cha kuwalazimu kuwaomba waongoza ndege wa rada wawape uelekeo. Hapo ndipo utaratibu wa zamani ulipoonekana si uzee bali ni akiba. Rada ya kuuliza na kujibu haihitaji setilaiti kujua ndege iko wapi. Kituo cha VOR hakijui habari za setilaiti. Wala saa na dira hazijui.

Katika Ghuba jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa anga yake ni finyu na imegawanywa kwa siasa. Mwezi Juni 2017 majirani wa Qatar waliifungia anga yao, na ndege zake zikabaki na njia chache za kupita hadi makubaliano ya Januari 2021. Kwa miaka mingi anga ya Qatar ilikuwa ndani ya eneo la kuongozea ndege la Bahrain; awamu ya kwanza ya eneo la Doha lenyewe ilianza tarehe 8 Septemba 2022. Na jioni ya tarehe 23 Juni 2025, makombora ya Iran yalipoelekezwa kwenye kambi ya Al Udeid, Qatar ilifunga anga yake kwa saa kadhaa, na ndege zilizokuwa tayari njiani kuelekea Doha zikalazimika kugeuzia viwanja vingine. Usiku kama huo rubani haulizwi anajua kubonyeza vitufe vingapi. Anaulizwa: uko wapi, una mafuta ya muda gani, na unaweza kwenda wapi?

Lipo somo moja la mwisho ambalo wakufunzi wengi hukiri kuwa ni gumu kuliko yote, nalo halihusu mtambo wowote. Ni namna ya kusema, kwenye masafa yanayosikilizwa na watu wengi, kwamba umepotea. Kijana aliyelipiwa karo na ukoo mzima, anayesikilizwa na wenziwe pamoja na mkufunzi wake, huona afadhali aendelee kutafuta barabara au ukingo wa bahari kwa dakika kumi zaidi kuliko kutamka sentensi hiyo. Dakika kumi kwa mwendo wa maili 100 kwa saa ni maili 17, na mafuta yanazidi kupungua. Mficha maradhi, kifo humfichua. Mwanafunzi hufundishwa kupanda juu, maana juu redio husikika mbali na rada huona vizuri. Kuita mapema kwenye masafa anayotumia, au kwenye megahezi 121.5 ambayo ni masafa ya dharura duniani kote. Kusema ukweli kwamba hajui alipo. Na kufuata anachoambiwa huku akiendelea kuhesabu mwenyewe.

Hapo ndipo pande mbili za somo hili hukutana. Mwanafunzi anayeitegemea rada kwa kila kitu yuko hatarini, na mwanafunzi anayeona haya kuiomba yuko hatarini vile vile. Wa kwanza amesahau kwamba nyota ni ya mwenziwe. Wa pili amesahau kwamba mwenziwe yupo. Mabaharia wa zamani hawakusema mtu asitazame nyota ya mwenzake. Walisema asiisafirie, yaani asiifanye ndiyo safari yake.

Siku mwanafunzi anaporuka peke yake kwa mara ya kwanza katika safari ya masafa marefu, kiti cha kulia kwake huwa kitupu. Kwenye goti lake ipo karatasi yenye hesabu za penseli: uelekeo, dakika, kimo cha usalama. Masikioni mwake ipo sauti ya mtu asiyemwona, anayemtazama kama nukta kwenye kioo. Sauti hiyo itamwambia kwamba ametambuliwa, naye atashukuru. Baada ya muda itamwambia kwamba huduma imekoma na aendelee kwa uongozaji wake mwenyewe. Atarudia maneno hayo kwa ukamilifu, kama alivyofundishwa, kisha atatazama saa yake na kuandika dakika.